Shujaa Mwenye Kusimama mu Mutumbwi

Mwaka ule Bunia nzima tulikula maboga. Asubuhi maboga, magharibi majani yake, kwa sababu njia za mashamba zilifungwa na muhogo haukufika sokoni. Ni mwaka ule bwana yangu alianza kuandika vitabu vyake vidogo vya safari na mapigano, vile wachimba zahabu walisoma mpaka karatasi inapasuka. Watu walimuita mwandishi. Mimi nilimuita mutu wa kukaa.

Ziwa lilimushinda. Mara moja tu alipanda mutumbwi pale Tchomia, akatapika kabla hatujaacha ukingo. Mimi ndiye nilivuka mpaka Mahagi-Port na samaki wa moshi. Nikirudi, sijafungua hata kitambaa cha kichwa, ananiuliza: "Mama, leo nini iliwapata?" Ninasema, yeye anaandika.

Siku moja dhoruba ilitukamata. Nilitoa maji na beseni ya samaki mpaka mikono ikavimba. Tulikuwa watu saba, wote tukafika. Mu kitabu chake, ile kazi anaifanya kapiteni mwenye misuli, na iko mwanamuke mumoja chini, analia tu. Kapiteni anasimama wima mu mawimbi, ananyooshea radi kidole! Wavuvi wa Tchomia walicheka mpaka machozi. Mu mawimbi hakuna mutu anasimama. Ukisimama, wote munakufa. Nilimuambia. Akajibu: "Wasomaji wanapenda mutu mwenye kusimama." Akaandika vingine vingi, na mu vyote wanasimama.

Sasa amekufa, matanga imeisha, ndipo wamemukumbuka. Juma lililopita mudogo wake alikuja kwangu, mu mutaa wa Rwambuzi, na bwana mumoja wa kuchapa vitabu, viatu vinang'aa.

"Shemeji, vitabu vitachapwa upya. Tia kidole hapa tu."

Nilimupa mujukuu wangu ile karatasi, anisomee. Ilisema kila kitu mu vitabu, marehemu alikifanya yeye mwenyewe juu ya ziwa.

"Yeye alivuka lini?"

"Shemeji, usituchokoze. Kila mutu anajua alikuwa mwanaume wa hatari."

"Hatari kwa sahani ya sombe, ndiyo."

Bwana wa kuchapa alicheka, kisha akaona uso yangu, akarudisha macho kwenye karatasi.

"Andikeni kwamba mimi nilivuka, yeye aliandika," nikasema. "Nitatia vidole vyote kumi."

"Mama," akasema yule bwana, polepole, kama anasema na mugonjwa, "nani atanunua shujaa mwenye kuuza samaki?"

Damu ilinipanda. Bwana yangu alijua kuandika, sikatai. Mimi mwenyewe nilisomewa ile dhoruba, nikalia, hata kama nilijua kabisa tutafika. Lakini ile mikono ilikuwa yangu.

"Kidole changu sitatia."

Shemeji alipiga magoti kwenye simenti, muzee muzima na magoti yake ya ugonjwa. "Unataka jina ya ndugu yangu ioze?"

Nilimutazama pale chini. Nilimuhurumia magoti, siyo maneno.

"Kidole changu sitatia."