Sekunde Tatu za Kuuliza

Bi Chaki alikuwa amesimama nyuma ya darasa la saba, mgongo ukigusa kabati la vitabu, akimsikiliza Bi Chaki mwingine akifundisha mbele. Yule wa mbele alikuwa ukutani, ndani ya skrini, amevaa gauni la bluu aliloshonewa na mumewe kwa ajili ya siku za kurekodiwa, uso umepakwa poda na watu asiowafahamu. Huyu wa nyuma alikuwa ameshika rimoti ambayo alikatazwa kuitumia.

Namna mtu mmoja anavyogeuzwa wawili ni habari fupi, na inaudhi. Alikuwa amefundisha hesabu miaka ishirini na minne, na jina la Bi Chaki alipewa na wanafunzi wenyewe kwa sababu mkono wa kulia wa nguo yake haukuwahi kwenda nyumbani bila vumbi jeupe. Shule ilipoletewa mashine na kuambiwa kwamba sasa masomo yatakuwa mchanganyiko, nusu kwenye mtandao na nusu na mwalimu, walimu wengi walinuna. Yeye hakununa. Alinyoosha mkono wa kwanza kikaoni akasema ni jambo jema, maana mtoto aliyeugua ataweza kurudia somo akiwa kwao, na yeye atapata nafasi ya kukaa na wale wanaochelewa kuelewa. Kwa hiyo asije mtu akasema mama huyu ni wa zamani, anaogopa mashine. Alijipalia makaa mwenyewe, tena kwa furaha.

Walimchagua arekodiwe yeye kwa sababu anaeleza vizuri. Masomo thelathini na nane yalirekodiwa kwa siku nne, kazi ya mwaka mzima, kana kwamba kuna mtu anafukuzwa na mbwa. Kila baada ya mfano aliagizwa aulize "Kuna swali?", ahesabu moja hadi tatu moyoni, atabasamu, kisha aseme, "Hakuna. Vizuri, tuendelee." Aliuliza, je, kama swali lipo? Wote chumbani walicheka wakidhani anatania.

Katika somo la kumi na tisa, saa kumi jioni, miguu ikimuuma, aliteleza. Alikuwa akigawanya sita kwa robo tatu. Badala ya kupindua ile robo tatu, akapindua sita, na jibu likatoka moja ya nane. Aliliona kosa kabla hajashusha mkono. Mpiga picha akamwambia betri inakata, aendelee tu, marekebisho yatafanywa baadaye. Baadaye hiyo haijafika mpaka leo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini wahenga hawakuwahi kuambiwa kwamba betri inakata.

Kisha ikaja ripoti. Mashine ilihesabu dakika, na kila Ijumaa mwalimu mkuu alipata karatasi yenye rangi. Darasa lililotazama dakika zote arobaini lilikuwa kijani, na lililosimamisha video lilikuwa jekundu. Kipindi chenyewe ni dakika arobaini. Ile nusu ya mwalimu ikaliwa hivyo hivyo, bila mtu kuitisha kikao wala kuomba radhi. Ratiba mpya ilipobandikwa, jina lake halikuwa tena chini ya neno "Mwalimu". Aliandikwa "Msimamizi wa skrini". Aliisoma ratiba ile mara mbili, akaenda darasani.

Nyumbani mumewe, fundi cherehani mwenye mdomo usiolala, alikuwa akimpokea kwa kumuuliza wamerudi wangapi leo, yeye peke yake au na yule mwenzake mwenye poda. Zamani Bi Chaki alikuwa anacheka.

Basi Jumanne hiyo, akiwa amesimama pale nyuma, likafika somo la kumi na tisa. Bi Chaki wa ukutani akapindua sita, akaandika moja ya nane, akapiga mstari chini yake kwa madaha. Akauliza kama kuna swali.

Mkono mmoja ulipanda. Ulikuwa wa msichana wa dawati la tatu ambaye wenzake walimwita Kimya, maana tangu darasa la nne hakuna aliyewahi kumsikia akiuliza kitu. Mkono wenyewe ulipanda taratibu, kama unaomba ruhusa ya kuwa mkono.

"Hakuna," akasema yule wa ukutani, akitabasamu. "Vizuri, tuendelee."

Mkono ukashuka. Bi Chaki alihisi uso wake ukiwaka. Alikuwa amewahi kugombana na wazazi, na wakaguzi, na mvua inayovuja juu ya daftari za mtihani, lakini hakuwahi kumchukia mtu kama alivyomchukia yule mwanamke wa bluu. Hata hivyo, na hili aseme mwenyewe kwa aibu yake, hakubonyeza rimoti. Alifikiria karatasi ya Ijumaa.

Mazoezi yalifanywa baada ya video, kengele ikishalia, kila mtoto na tableti yake. Bi Chaki akapita katikati ya madawati mpaka kwa Kimya. Swali la nne lilikuwa lile lile, sita gawanya kwa robo tatu. Kimya aliandika nane. Ukatokea mkasi mwekundu, ile alama ya kosa. Akafuta, akahesabu upya kwenye kiganja kwa kalamu, akaandika nane tena. Mkasi. Mara ya tatu alinyanyua macho akaitazama skrini ya ukutani, ambayo sasa ilikuwa tupu, akaandika moja ya nane. Tableti ikang'aa kijani na kumwambia hongera.

Bi Chaki akachuchumaa pembeni yake, akamuuliza kwa sauti ya chini kwa nini amebadilisha.

"Mama yangu anashona mapazia, Mwalimu," Kimya alisema. "Kitambaa cha mita sita ukikata vipande vya robo tatu unapata vinane. Nilitaka kukuuliza. Lakini ulisema hakuna swali."

Hakusema "video ilisema". Alisema "ulisema". Bi Chaki alisimama, na hasira iliyompanda ilikuwa dhidi ya watu wote kwa pamoja, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kwenye mstari. Mtoto alikuwa anaijua kweli, na shule ilikuwa imemfundisha kuiacha. Na alama hizo za tableti hazikuwa mchezo, kwani zilihesabiwa pamoja na za mtihani wa mwisho katika kuamua nani ataendelea na nani atabaki nyumbani.

Akaenda ofisini moja kwa moja. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mpole, mdogo kwake kwa miaka kumi, na upole wake ulikuwa wa kukera kuliko ukali wa wengine. Alimsikiliza mpaka mwisho. Akakubali kwamba kosa ni kosa. Lakini, akasema, majibu ya mashine yalichukuliwa kutoka kwenye video, wenye mfumo wako mbali, na somo lililofungwa hawalifungui kwa ajili ya mtoto mmoja mwenye kisirani. Hulifungua pale tu darasa zima linapokosa swali moja, maana hapo ndipo mashine yenyewe inapopiga kelele.

"Kwa hiyo mtoto mmoja akipata jibu, amekosa," Bi Chaki akasema.

"Usiyakuze, Mwalimu. Huu ni mchanganyiko, una faida zake."

"Mchanganyiko gani, Mkuu? Sukari mmetia, hamjakoroga. Imekaa chini ya kikombe, sisi tunakunywa maji ya moto."

Mwalimu mkuu akamshauri apumzike, akaongeza kwamba hasira ni hasara. Bi Chaki alitoka. Msemo huo hupendwa sana na watu ambao hasara haiwafikii.

Alhamisi asubuhi aliondoka nyumbani na mita sita za kitambaa cha bitana, mkasi na futi ya kupimia. Mumewe alimtazama akivikunja kwenye mfuko, akamuuliza kitambaa hicho kikishakatwa vipande, yeye atashonea nini. Alimjibu kwamba atashonea mifuko. Mume aliona macho yake, akanyamaza, na kwa mdomo ule kunyamaza kulikuwa zawadi.

Alhamisi ni siku ya marudio, mazoezi hufanywa upya na alama mpya hufuta za kwanza, na somo la kumi na tisa likawashwa tena. Yule wa ukutani akapindua sita kama juzi, akaandika upuuzi wake, akauliza kama kuna swali. Safari hii Bi Chaki alibonyeza rimoti kabla sekunde tatu hazijaisha. Mwanamke wa bluu akaganda mdomo wazi.

Darasa zima likageuka nyuma.

"Kimya," akasema, "ulikuwa na swali tangu juzi. Liulize."

Kimya aliliuliza amesimama. Bi Chaki akatoa kitambaa mfukoni. Aliwaita mbele, wakasogeza madawati, wakatandaza kitambaa sakafuni kutoka mlangoni hadi dirishani. Mmoja akashika futi, mwingine mkasi, wengine wakabishana mstari umepinda au haujapinda. Kila kipande robo tatu ya mita. Walipofika cha nane kitambaa kikaisha, na kelele zilizotoka humo zilifika jikoni kwa mpishi wa shule. Kisha akawarudisha kwenye skrini, akawaonyesha hatua kwa hatua mahali yule mama alipoteleza, na akawaambia yule mama ni nani. Walicheka mpaka yeye mwenyewe akacheka, akiwa bado na hasira. Aliipeleka video mbele, akaisimamisha, akairudisha nyuma, akaibishia. Dakika kumi na mbili za video zilitosha kwa kipindi kizima.

Kabla hawajafungua tableti aliwaambia ukweli wote. Akiandika nane, mtu atakatwa alama. Akiandika moja ya nane, atapata. Akaeleza pia kwamba mashine husikia tu likikosa darasa zima, na kwamba hana uhakika kama itasikia. Hatamlaumu yeyote, kila mtu aandike atakavyo. Kisha akaenda kusimama dirishani, akawapa mgongo, kwa sababu hakutaka waongozwe na uso wake.

Ijumaa aliitwa ofisini. Mwalimu mkuu alikuwa na karatasi ya rangi upande mmoja na barua ya onyo upande mwingine. Upole ulikuwa umemwisha. Dakika kumi na mbili, alisema, jekundu kuliko shule zote. Na hilo siyo kubwa. Kubwa ni swali la nne.

"Darasa zima limekosa," alisema, akiigonga karatasi kwa kidole. "Arobaini na watatu. Hakuna hata mmoja. Ulikuwa unafanya nini humo ndani?"

Arobaini na watatu. Bi Chaki alikuwa ametarajia kumi, labda kumi na tano.

"Wote wamepata, Mkuu," akasema. Akafungua mfuko, akaviweka vile vipande vya bitana juu ya barua. "Mita sita, robo tatu robo tatu. Hesabu."

Mwalimu mkuu alimtazama, akatazama mlango, kisha kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kumhesabia, akavihesabu. Akavihesabu tena kwa kugusa kimoja kimoja. Simu ya mezani ilikuwa imeanza kuita tangu asubuhi, akasema polepole. Wenye mfumo wanataka kujua kuna nini, na wanataka somo hilo lirekodiwe upya. Je, atakubali?

"Nitakubali," akasema Bi Chaki. "Ila nikiuliza kama kuna swali, video isimame yenyewe. Isimame mpaka mwalimu aliye darasani aiwashe."

Mwalimu mkuu akasema atawauliza. Bi Chaki akainuka, akachukua mfuko wake mtupu, na barua akaiacha pale pale chini ya kitambaa bila kuisaini.