Shimo la Urithi la Maivon Kerbrat

Saa mbili asubuhi bahari imekupwa kabisa, na Maivon Kerbrat amelala kifudifudi juu ya mwani, mkono mzima ndani ya shimo. Ana miaka sitini na minane. Kwa mbali ungedhani mwamba unammeza bibi wa watu, na ungeuonea huruma mwamba.

"Hodi, kuna mtu?" anauliza.

Shimo tupu.

Hapa Porz-Melen, magharibi mwa Bretania, pwani ya Ufaransa, mashimo ya kaa hurithiwa. Hili aliachiwa na mama yake, pamoja na ndoano ya chuma na onyo la kutomwambia mtu lilipo. Enzi hizo maji yalikata vidole kwa baridi, na kila bamvua, maji yakikupwa mbali kabisa, shimo lilitoa kaa wa kahawia, mpana kama sahani.

"Ukimtoa mmoja, mwingine anahamia," anasema. "Nyumba haikukosa mpangaji."

Siku hizi maji yamepata uvuguvugu, na kaa wa kahawia wamefuata baridi vilindini. Ufukweni wamejaa kaa buibui, miguu mirefu, mgongo wa miiba. Zamani walikuja majira ya kuchipua, wakajivua magamba, wakaenda zao. Sasa hata kipupwe hawaondoki, na wanawala kome wote.

Maivon huchemsha kaa na kuwauza gatini. Kaa mmoja wa kahawia hununuliwa kwa bei ya buibui watatu, maana buibui hudharauliwa: wazee waliwafukia shambani wawe mbolea ya viazi.

Kila Julai sufuria ya mama yake hupika chakula cha sikukuu ya kanisa. Mwaka jana kaa wa kahawia hawakutosha. Mwaka huu kamati ya sikukuu inataka soseji.

"Soseji! Mtakatifu wetu alikuwa mvuvi, si mchinja nguruwe," Maivon anafoka.

Neno la mwisho ni la mkuu wa jiko, Chann Le Mével, mwenye miaka themanini na mmoja. Yeye na Maivon walinuniana miaka mingi kwa ajili ya shimo hili hili. Na huyo anakuja, ndoo mkononi.

"Bado unaniibia shimo langu, mwizi wewe?"

"Lako? Haya dada, ingiza mkono uchukue mali yako."

Chann anapiga magoti, anapapasa, anatoa mchanga. Wanatazamana. Wanacheka mpaka Chann anashika mbavu.

Gatini, Maivon anamchemshia buibui kwa maji ya bahari.

"Mbolea hiyo," Chann anasema, akivunja mguu. Ananyonya. Anavunja wa pili.

"Mama yangu angenichapa," anasema Chann.

"Wangu angeanza na mimi mpishi."

"Lakini kaa wa zamani alikuwa mtamu zaidi."

"Alikuwa. Na sisi tulikuwa na meno."

Chann anafuta kidevu. "Basi Julai uwapike hawa. Ila tuwatoe magamba kwanza, watu wasijue."

"Simfichi mtu. Nitawapanga mezani na miiba yao yote, siagi pembeni."

"Na watu wakinung'unika?"

"Watanung'unika midomo imejaa."