Chagueni Saa Zenu

Dada yangu anakunja mashuka. Mtu akikuambia hiyo ni kazi ya kitoto, mpeleke kiwandani kwa dada, wanakofua nguo za hoteli, umpe shuka la kitanda cha watu wawili likitoka kwenye pasi kubwa, bado linaunguza vidole. Mtu mmoja peke yake haliwezi. Mmoja anashika pembe huku, mwenzake kule, wanavuta, wanakutana katikati, wanaachana, wanakutana tena. Mwenzake dada ni jirani yetu, Mama Pacha. Wamekunja pamoja miaka sita, na midomo yao haikuwahi kufungwa hata dakika.

Basi meneja mpya akaja na lake. Akawakusanya akina mama, akatangaza kwa bashasha kwamba kuanzia mwezi huo kila mmoja atajichagulia saa zake, asubuhi au mchana, ili apate nafasi ya familia. Vigelegele vikapigwa. Hata mimi niliposimuliwa nilifurahi, mjinga mimi.

Dada alikuwa na sababu ya kufurahi. Mwanawe wa miaka minne, tunayemwita Bibi kwa jinsi anavyoongea kizee, alizaliwa na mguu mmoja uliopinda. Kila Jumatano asubuhi ana mazoezi kliniki, na mwezi uliopita alikuwa amekosa mara moja. Akikosa tena anarudishwa nyuma ya foleni ya miezi, na mfupa wa mtoto haungoji foleni. Kwa hiyo dada akajaza fomu: siku zote asubuhi, Jumatano mchana. Mama Pacha, ambaye msichana wake wa kulea watoto huondoka saa sita, akajaza asubuhi tupu.

Sasa niambie, Jumatano shuka litakunjwa na nani?

Dada akaenda kwa meneja.

"Bosi, Jumatano tumepishana na mwenzangu. Naomba mtu wa mchana."

"Mchana hakuna aliyechagua, mama. Panganeni wenyewe. Saa ni zenu sasa, mimi siingilii."

"Lakini kliniki ya mtoto..."

"Si ndiyo maana tukawapa uhuru?"

Msimamizi wa zamani alikuwa mkali kama pilipili, lakini ukimwomba ruhusa ya kliniki alikupa, kisha akashika pembe ya shuka yeye mwenyewe. Huyu wa sasa anatabasamu tu. Tabasamu lile nalichukia.

Jumatano ya kwanza dada alimpeleka mtoto. Mama Pacha akajaribu peke yake, pembe moja ameing'ata kwa meno, nyingine ameifunga kwenye kitasa cha mlango. Mashuka kumi na moja yaliburuta sakafuni, akapewa barua ya onyo. Jumanne iliyofuata alikuja kwetu, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mwenzangu, onyo la pili nafukuzwa."

"Na mtoto wangu je?"

"Hata mimi nina watoto."

Bibi alikuwa sakafuni anavua kiatu chake cha kunyooshea mguu, masikio wazi. Mwishowe dada akasema, bila kunitazama, "Haya. Nachagua asubuhi. Mdogo wangu, utampeleka wewe."

Nikampeleka. Mtaalamu wa mazoezi alikunja uso aliponiona. Siku hiyo zilikuwa hatua mpya, na hizo hufundishwa mzazi, kwani ndiye atakayemfanyisha mtoto nyumbani.

"Mama yake yuko wapi?"

Nilifungua mdomo, Bibi akaniwahi.

"Mama amechagua kazi," akasema, bila kinyongo, kama mtu anayesema nje kuna mvua.

Mtaalamu akainamia faili, akaanza kuandika. Nikaruka.

"Usiandike hivyo! Hakuchagua! Futa!"

Benchi zima la akina mama likageuka. Mtaalamu akaweka kalamu chini, akaniuliza kwa upole, basi aandike nini. Nikamshika Bibi mkono. "Andika amepewa uhuru," nikasema.