Kinanda Tulichokataa Kukiuza

Nakumbuka vizuri, mwanangu, Jumapili ile tulipoambiwa tubaki baada ya ibada tuamue habari ya kinanda. Usidhani nasema hiki cha umeme mnachochezea ninyi. Ni kile cha mabomba, kirefu kufika dari, ambacho Waholanzi waliojenga kanisa letu hapa Buffalo walikileta kwa meli kutoka kwao, kikiwa vipande vipande ndani ya masanduku. Wajukuu wao walihamia nje ya mji, kanisa likabaki na sisi Warundi, na kinanda kikabaki bubu. Mivukuto yake, ile inayosukuma hewa kwenye mabomba, ilikuwa imepasuka ngozi, na panya wamezalia humo.

Alikuwa amepatikana mnunuzi wa vyuma chakavu. Nikasimama, kijana mwenye maneno mengi, nikasema kiuzwe, sisi ni wapita njia. Mimi mwenyewe begi langu lilikuwa mlangoni tayari; binamu yangu alikuwa ameniitia kazi ya ghala huko Shively, Louisville. Watu wakaitikia kwa vichwa. Ukikulia kambi ya wakimbizi, kama sisi, hutengenezi kitu, kwa sababu kesho utaambiwa uondoke.

Ndipo Bibi Serafina akainuka. Alikuwa mwimbaji wa kwaya yetu tangu Kigoma, mama mfupi, na hakumwonea haya mtu.

“Kule kambini tulijenga kanisa, tukaamriwa tulibomoe kwa mikono yetu,” akaniambia. “Hapa ni nani amekuamuru?”

Nikaketi.

“Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe,” akaendelea. “Yetu ya tatu imeshapita. Shika jembe.”

Basi tukakataa kuuza, tukamwita fundi wa vinanda kutoka Columbus. Walitucheka, mwanangu, hata ndugu zetu: eti tunatengeneza mali ya Wazungu. Na wacheke. Wanaume walitoka shifti kiwandani wakaja kuteremsha mabomba, akina mama wakayaosha kama watoto wachanga, ngozi mpya ikabandikwa. Mimi nikapewa kazi ya kukaa mbele ya vibonyezo. Fundi alijibana ndani, katikati ya mabomba. Mimi nabonyeza kimoja na kukishikilia mpaka sauti ikae sawa, ndipo anapaza sauti nihamie kingine. Vidole vilikufa ganzi majira yote ya baridi. Kazi ile haiwezekani ikiwa moyo wako uko kituo cha basi.

Siku kilipolia, sakafu ilitetemeka chini ya viatu vyetu. Bibi Serafina akaimba pamoja nacho wimbo wetu wa kambini, kwa Kirundi, na wapita njia wa barabara ya Bailey, nje ya kanisa, wakasimama kusikiliza. Nililia mbele za watu. Kisha nikarudi nyumbani, nikalifungua begi, nikatundika mashati yangu.

Sasa nasikia nawe unataka kuhamia mji wa Gahanna. Nenda, sikukatazi, tembea uone. Lakini nenda kwa kuwa umependa, si kwa kuwa tulikurithisha kukimbia. Na popote utakapolala, hata pawe pa kupanga, ziba ufa, panda kitu, tengeneza kilichoharibika, wala usimwombe mtu ruhusa ya kuwa mwenyeji.

Mungu akupe nyumba ambayo hakuna wa kukuambia uibomoe. Na akitokea, akupe ulimi wa Bibi Serafina.