Ami Yangu Alikataa Posa kwa Sababu ya Petroli

Wasomaji wenzangu, mhariri amekubali jina langu lisitoke, na majina mengine nimeyabadilisha. Nina miaka ishirini na mitatu, naishi Takaungu na mama yangu, ambaye ni mjane. Tunakaa kwa ami yangu, ndugu wa baba. Kwa kuwa sina kaka wala babu aliye hai, yeye ndiye walii wangu. Bila kauli yake siolewi. Naandika nikiwa na kichefuchefu, na si cha mimba, msinifikirie vibaya.

Mchumba wangu nitamwita Hamadi. Ni fundi wa Malindi na hushindana mbio za magari. Injini ya gari lake ameifungua akaiunda upya ili liende kasi, na siku hizi hulitia ile petroli mpya iliyochanganywa na spiriti ya miwa. Anasema spiriti huipoza injini, gari likazidi kuchomoka. Tabu yake ni moja: kwa unyevu wetu huu wa pwani, gari likikaa bila kuendeshwa, mafuta huvuta maji, kisha maji na spiriti hujitenga chini ya tangi.

Ndiyo yaliyomfika siku ya posa. Aliwaleta baba yake na mjomba wake, gari likazimika langoni kwetu. Hamadi akaingia chini yake na kanzu nyeupe, akamimina yale ya chini ya tangi ndani ya debe. Ami akauliza ni nini. Maskini, akasema kweli: "Ni spiriti, Ami. Imeshuka chini pamoja na maji."

Ami alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. "Hino si petroli, ni ulevi! Waja kuposa mwanangu na tangi la tembo? Hapana ndoa hapa!" Akaamuru debe liachwe, atakwenda kulimwaga mwenyewe mbali na watu, lisije likamponza mtu. Wageni wakarudi na halua yao. Mama alilia sana. Mimi nilidhani Ami amezidisha dini tu.

Juma lililofuata, adhuhuri, nilitoka kisimani koo limekauka. Nikaliona dafu la Ami barazani, limebaki nusu. Nikapiga funda kubwa. Wallahi, ulimi uliungua, petroli ikanipanda puani, nikatapika papo hapo juu ya mkeka wake. Mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, anayetusomea dua kila Alhamisi, anakunywa mashapo ya tangi la gari! Nikakumbuka karafuu anazotafuna kutwa, kumbe za kuficha harufu, nikakumbuka mkono wake ninaoubusu kila asubuhi, nikatapika tena. Mpaka leo sitaki kuona dafu.

Ami akatoka ndani. "Hiyo ni dawa yangu ya miguu," akasema.

"Dawa ya miguu hunywewa, Ami?"

Akanitazama kwa utulivu. "Walii wako ni nani?"

Nikaenda kuosha mkeka.

Juzi amemwita Hamadi. Amesema ameshasamehe, nikaha iwe mwezi ujao, kwa sharti moja: kila Ijumaa Hamadi alete gari hapa, Ami aitoe najisi tangini kwa mkono wake mwenyewe. Hamadi aliubusu mkono ule ule. Alipotoka akaniambia, machozi yakimlenga, "Ami yako ni mcha Mungu. Nilimdhania vibaya."

Nilitabasamu tu.

Nikisema, Ami atakataa ndoa na mama hatakuwa na pa kulala. Nikienda kwa kadhi, itabidi niitaje aibu hii mbele ya mji mzima, na nani ataniamini mimi dhidi ya ndevu zile? Nikinyamaza, nitaolewa na nimpendaye, naye atakuwa akimletea ami yangu sumu kila Ijumaa, akidhani anachuma thawabu. Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini?