Nilifukua shimo la ndizi Mumosho nikidhani ni pango

Wakuu, salamu toka kwa muzee wa kiti na redio.

Nianze na aibu yangu: mimi, mwenye diplome ya sekondari, nilifukua shimo la ndizi za mtu nikidhani ni mlango wa pango. Sitawadanganya. Kwa umri huu hata uongo unanichosha.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Nilikuwa komi, yaani karani, wa ofisi Bukavu. Jumapili yangu ilikuwa na safari mbili: kitanda mpaka misa, misa mpaka kitanda.

Ila nilimpenda Adèle, binti ya Papa Deo wa Mumosho. Nilishapeleka ombi la kumuoa. Miezi miwili, Papa Deo hasemi ndiyo wala hapana. Nikimuuliza, ananiuliza habari ya mvua.

Siku moja baada ya misa akaniambia: "Twende tuzunguke bonde. Nione kama ile miguu iko inatumika."

Nikamwambia mabonde nayajua sana. (Nilikuwa nayajua mu kitabu cha jeografia.)

Njia ni nyepesi kweli. Unashuka toka kwake, unapita kijiji cha zamani, unaona mapango, unapanda polepole upande wa pili mpaka mlangoni pale pale. Hata mimi sikuhema.

Kijijini hakuna mtu. Serikali ilikuwa imewahamishia wote kando ya barabara. Lakini migomba, wakuu! Imepaliwa safi, imesimama kama watu wanaongoja kupigwa picha. Chini kijito, mbele vilima vinapandana. Nikajiuliza Jumapili zote zile nilikuwa nalalia nini.

Papa Deo akabaki nyuma akitoa majani makavu kwenye mugomba. Mimi, kwa kujionyesha, nikatangulia.

Nikaona udongo umefunika majani, joto linatoka, na kamoshi kidogo.

"Papa, nimepata pango!"

Nikafukua kwa mikono miwili.

Ndani: ndizi. Zimepangwa vizuri, bado kijani, zinaivishwa kwa moto ili zikamuliwe kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Ukifungua mapema joto linakimbia, kazi ya siku nzima imekufa.

Papa Deo akafika, akavua kofia.

"Iyo ni pango ya nani?"

"Pardon, Papa. Nilizani hapa hakuna mwenyewe."

"Mwenyewe ni miye. Iyo kasiksi ilikuwa ya kupokea baba yako na watu wake. Nilitaka kuwaita Jumapili ijayo. Sasa sijui."

Ile "ndiyo" niliyoingoja miezi miwili niliipata na kuipoteza nikiwa nimepiga magoti.

Hakunitukana. Alinipeleka mpaka mapango ya kweli: mapana, ya baridi, maji yanadondoka kwenye mawe, zamani mama yake alikuwa anajikinga mvua humo na mbuzi zake. Uzuri ule sijauona tena. Tukapanda mpaka kwake.

Somo nililopata: usiseme mahali hapana wenyewe mpaka uulize nani anapapalilia.

Na nyie, mlijiaibisha wapi mbele ya wakwe? Mwageni hapa.

Adèle, sasa bibi yangu wa ndoa, iko hapa pembeni, anasema nisiache maneno ya jirani yao Maman Bahati, yaliyomfanya baba yake acheke na kukubali. Jirani huyo aliniona tulipofika, udongo mpaka viwiko, akasimuliwa yote, akasema:

"Deo, umupe tu mutoto wako. Mwanaume mwenye hajue kutenganisha pango na shimo ya ndizi, atapotelea kwa bibi gani mwingine?"