Wa Kumwosha Albina

Herieth alikuwa fundi wa mifumo ya kompyuta, tusimnyime haki yake. Vyama vya kuzikana vya Sumbawanga mjini na vya pembezoni vilipochoka kutuma mtu na baiskeli kila penye msiba, ni yeye aliyekaa chini akavitengenezea tovuti. Katibu anaandika jina la marehemu, anabofya, kila mwanachama anapata ujumbe kwenye simu. Watu wakauamini ule ujumbe kupita kiasi, hata kupigiana simu wakaacha.

Mama yake, Emerensiana, alikuwa mtu wa Pito, kijiji cha pembezoni, na mwanachama wa chama cha huko. Amelima ulezi huko tangu usichana wake, bega kwa bega na Albina, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Na hayakuwa maneno matupu: waliahidiana kwamba atakayetangulia, mwenzake ndiye atakayemwosha, asiguswe na mkono mwingine. Albina alizoea kumtania, "Wewe mikono yako baridi kama umande, siku hiyo uipashe moto kwanza."

Miguu ya mama ilipoanza kuvimba, Herieth akamhamishia kwake mjini, akamwandikisha na chama cha mtaani. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtu mmoja anaweza kuwa kwenye vyama vingi, na chama kimoja kina watu wengi. Kwa hiyo mfumo ulikuwa na jedwali la viungo, kila mstari ukisema fulani yumo chama fulani. Herieth, kwa haraka zake, alikuwa ameuamuru mfumo hivi: taarifa za mtu zikirekebishwa, futa viungo vyake vyote vya zamani, kisha andika vile vilivyowekewa tiki. Na ukurasa wenyewe ulifunguka na visanduku vitupu. Akatia tiki chama cha mjini, akahifadhi. Pito ikafutika kimya kimya.

Teodori, katibu wa Pito, aliwahi kumwambia. "Dada Herieth, watu wangu wakihamia mjini siwaoni tena humu."

"Watakuwa wamebadilisha namba, kaka," Herieth akamjibu, akaendelea na chai yake. Laiti angeiacha ipoe.

Albina akafa ghafla, msimu wa palizi. Ujumbe ukatoka, watu wakakusanyika. Walimngoja Emerensiana mpaka maji ya kuogeshea yakapoa, yakapashwa tena, yakapoa tena. Hakuna aliyempigia, maana kila mmoja aliamini ujumbe umeshamfika. Wakasema mjini kumembadilisha. Mwishowe majirani wakamwosha. Maskini Emerensiana, wakati huo alikuwa barazani kwa binti yake anachambua maharage.

Habari alizipata sokoni, kwa Josefina, jirani yake wa zamani wa Pito, ambaye hata salamu hakutoa. "Tulikungoja," alisema, "ukatudharau." Emerensiana akarudi nyumbani bila kapu lake.

Aliposimuliwa, Herieth alifungua jedwali, akakuta mama yake ana mstari mmoja tu, wa chama cha mjini. Akalia palepale alipokaa. Kisha akaandika upya: sasa mfumo unalinganisha kwanza viungo vilivyopo na vilivyochaguliwa, unaondoa kilichotolewa tiki, unaongeza kipya, na kilichobaki haukigusi. Visanduku navyo vinafunguka na tiki zake. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Akaenda kupiga magoti mbele ya mama yake, aliyekuwa anaota moto jikoni.

"Mama, kosa ni langu. Nisamehe. Nimekurudisha Pito."

"Kwa hiyo nikifa watapata ujumbe?"

"Wote, mama. Wa huku na wa kule."

"Basi wa kunizika watakuja." Emerensiana akageuza viganja vyake juu ya makaa, taratibu, kama alivyokuwa akifanya kila siku tangu atoke sokoni. "Wa kuniosha nilikuwa naye mmoja, mwanangu. Na yeye kaoshwa na wengine."